Gata la nani? Kisa cha chumba cha ghorofani katikati ya Jiji la Tanga

Binti mmoja alinifuata nyumbani Jumapili moja ya mwezi wa tano, mvua imekata kidogo, mkononi kashika mfuko wa nailoni. Nikadhani kaniletea maandazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umebeba nini?"

"Ukuta wangu."

Kweli ulikuwa ukuta. Ndani ya mfuko mlikuwa na vipande vya lipu vyenye rangi ya krimu upande mmoja, na unga mweupe kiasi cha vikombe viwili vya chai. Alikuwa akiufagia kila asubuhi juu ya godoro na chini ya mto. Nikachovya kidole, nikaonja. Chumvi tupu.

Niseme mapema ninakotokea, msomaji anipime vizuri. Kwa miaka kumi na tatu nilikuwa nikikusanya kodi za nyumba za watu katikati ya mji huu. Walionilipa walikuwa wenye nyumba. Ninawajua wapangaji kwa visingizio vyao, na wenye nyumba kwa ahadi zao, na ningeombwa kuapa ni upande upi unadanganya zaidi, nisingeapa. Kisa hiki kilinipitia mikononi mwanzo hadi mwisho. Majina nimeyaacha, na mtaa nimeuacha, maana kwetu ukitaja mtaa umetaja ukoo.

Chumba chenyewe

Binti ni mhasibu, mtu wa Morogoro, aliyepata kazi kwenye ofisi moja ya usafirishaji karibu na bandari. Alifikia kwa rafiki yake Makorora, akaanza kutafuta pa kwake. Alitaka mambo mawili: aende kazini kwa miguu, na akae nyumba yenye sura. Hilo la pili ndilo lililompeleka mjini kwa wazee.

Asiyeijua Tanga aelewe kwamba reli imeugawa mji. Ukivuka kwenda Ngamiani, barabara zinahesabiwa: ya kwanza, ya pili, hadi unachoka. Upande huu wa bandari barabara zina majina, na nyumba zake ni za watu waliokuja kufanya biashara. Reli ilianza kujengwa hapa mwaka 1893, mwaka uleule ambao mkonge uliletwa nchini, na kwa miaka mingi baadaye fedha ya mkonge ndiyo iliyopandisha ghorofa hizi: fremu za duka chini, familia juu, roshani inatazama barabara, na juu kabisa, kwenye paji la nyumba, mwaka wa ujenzi umechorwa kwa saruji. Hii ya kwetu imeandikwa 1932.

Siku hizi zimepata wateja wapya. Tangu jiwe la msingi la bomba la mafuta lilipowekwa Chongoleani, Agosti 2017, na bandari nayo ikatanuliwa, wageni wenye mishahara wanashuka Kange na begi moja wakiuliza chumba kizuri kilicho karibu. Wenye nyumba wakaitikia. Sebule ya zamani ikakatwa mara tano kwa jipsamu, kila kipande kikatiwa choo na sinki, na dalali akakipa jina: studio. Mimi studio naijua ya kurekodia taarabu, na Tanga ya Black Star na Lucky Star ilikuwa na haki ya kuzungumzia hayo. Hiki ni chumba masta chenye jiko ndani. Lakini jina limeshapandisha bei, na bei haishuki kwa kuwa mzee mmoja kacheka.

Alioneshwa mwishoni mwa Januari. Jua kali, kaskazi inavuma, madirisha yote mawili yako wazi, pazia linapepea. Ngazi ya mbao imelika katikati kwa nyayo za miaka tisini. Chumba chenyewe ni chembamba na kirefu, kama behewa, karibu mita 3 kwa upana, kwa sababu upande ule wa nyuma umejengwa kwa namna ya zamani, kwa boriti za mikoko, na mkoko una urefu wake. Chumba kinaishia boriti inapoishia. Kuta zina unene wa mkono wa mtu mzima toka kiwiko hadi ncha ya vidole. Rangi mpya, krimu, bado inanuka. Dari jipya la jipsamu, jeupe, lenye taa sita.

Akafungua bomba, maji yakaja kwa nguvu. Akavuta choo. Akatazama mtandao kwenye simu. Akajaribu komeo. Akauliza usalama wa usiku, akaambiwa chini kuna fundi cherehani anayeshona hadi saa nne na duka la spea za baiskeli lenye mlinzi. Alikagua kila kitu ambacho angekigusa kwa mkono.

Kodi 180,000 kwa mwezi, miezi sita mbele: 1,080,000. Udalali wa mwezi mmoja, 180,000. Hela ya kuoneshwa, 10,000. Jumla shilingi 1,270,000 kabla hajanunua hata ndoo. Kuna watu husema bado ipo sheria ya kuzuia kodi ya mbele, haipo. Ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za pango ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei na miezi ni mapatano ya watu wawili, mmoja akiwa na funguo.

Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja wa kununua dukani, wenye nafasi za kujaza. Kwenye nafasi ya "mpangishaji" akaandika jina lake mama mwenye nyumba, mama wa makamo anayeishi chumba cha chini, uani. Shahidi ni dalali. Mpangaji atatunza chumba, hatapiga kelele, hatafuga. Kuhusu paa, neno hata moja halimo.

Kuna kitu alinionesha baadaye kwenye simu yake ambacho hadi leo kinanichekesha na kuniuma kwa pamoja. Siku ile ya kwanza, kabla ya kupanda ngazi, alisimama upande wa pili wa barabara akaipiga nyumba picha awatumie wa kwao. Picha nzuri. Roshani, mwaka 1932, njiwa. Na kwenye pembe, pale nyumba hii inapokutana na jirani yake juu ya paa, kamti kadogo ka mkuyu, kachanga, kana majani saba au manane. Alikapiga kwa uzuri wake.

Mkuyu haupandwi na mtu juu ya bati. Ukiuona pale, jua kuna udongo, na penye udongo juu ya paa kuna gata lililoziba, ule mfereji wa bati unaopokea maji ya paa.

Ukuta unavyokula

Nilikwenda kuangalia kesho yake jioni, nikiwa na bisibisi na tochi.

Kitanda alikuwa ameshakivuta katikati ya chumba. Ukuta wa upande wa jirani ulikuwa umevimba toka usawa wa dari hadi kiunoni, rangi imeshika kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, na chini yake lipu imeachana na jiwe. Nikagonga kwa kifundo cha kidole. Palipo pazima panajibu "ko". Hapa palilia kama ngoma. Nikachokoa kwa bisibisi, kipande cha ukubwa wa sahani kikaanguka chenyewe, na nyuma yake likaonekana jiwe la matumbawe lenye matundu yake na chokaa ya zamani ya rangi ya maziwa, imelowa ila imeshika. Mpya imekufa, ya 1932 iko hai. Kipande kilichoanguka kilikuwa saruji.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa kwa upande wa ujenzi. Nyumba hizi zimejengwa kwa matumbawe, chokaa na mchanga wa pwani. Chumvi imo ndani tangu siku ya kwanza, na upepo wa bahari unaiongeza. Maji yakiingia ukutani huiyeyusha ile chumvi na kusafiri nayo kutafuta pa kutokea. Ukuta uliopigwa chokaa huyaachia yatoke taratibu, unakuwa na madoa, unapaka chokaa nyingine mwaka ujao, maisha yanaendelea. Ukishaupiga saruji kisha ukaufunika kwa rangi ya mafuta, maji hayana mlango. Yanakaukia nyuma ya saruji, chumvi inaganda pale, inatanuka, inasukuma. Ukuta unajichuna wenyewe kwa ndani.

Fundi wa siku hizi hukujibu kwamba saruji ni imara zaidi. Ni imara, na ndiyo shida yenyewe. Cha ajabu ni kwamba mji huu umekalia jiwe la chokaa. Mapango ya Amboni yote ni jiwe hilo, na kiwanda cha saruji pale Pongwe kimekaa hapo kwa sababu yake. Lakini nenda dukani uulize chokaa ya kupiga lipu, utapewa mfuko mmoja wenye vumbi toka nyuma ya mbao.

Lakini saruji haikuleta maji. Nikapanda darini kupitia tundu la fundi umeme. Nyuma ya lile dari jeupe la taa sita kulikuwa na dari la zamani la mbao lenye doa jeusi, ukubwa wa mkeka, na juu ya doa mwanga wa jioni unapita. Nyumba hii na ya jirani zinachangia gata moja, limelala bondeni kati ya mapaa mawili. Limeoza, limejaa majani na mavi ya njiwa, na mkuyu umeshazamisha mizizi kwenye kichwa cha ukuta. Masika yote ya Aprili yalishuka ndani ya ukuta badala ya barabarani.

Basi rangi mpya ya Januari na dari jipya vilikuwa vinaficha doa ambalo si la mwaka huu. Binti akauliza kama mama alijua. Nikamwambia ukweli wangu: mimi mwenyewe nimewahi kupaka rangi ukuta wa namna hii, Januari, kwa kutumwa, nikijua kabisa mwezi wa nne utasema. Mwenye nyumba hujiambia mwaka huu huenda mvua ikawa ndogo. Mpangaji akilalamika hujiambia wapangaji wa siku hizi laini. Sijui kama huo ni udanganyifu au ni umaskini uliovaa rangi. Mara nyingi ni vyote viwili.

Kodi ina wenyewe watatu

Alikwishamwendea mama mara tatu. Mara ya kwanza: "Mvua hii mwanangu, hata kwangu inavuja." Mara ya pili: "Fundi anakuja Jumamosi." Mara ya tatu akatoka kaka mtu, ambaye binti hakuwahi kumwona, akamwambia mkataba ule yeye haujui, nyumba ni ya urithi, na asiyeridhika anaweza kuhama. Hela? "Muulize uliyempa."

Sentensi hiyo ndiyo iliyomleta kwangu.

Swali la nyumba ya nani ni gumu katikati ya Tanga kuliko Ngamiani, na lina historia. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na kuendelea, yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo lenyewe lilikuwepo tangu 1962. Baada ya utaifishaji ule familia nyingi za wafanyabiashara wa Kihindi zilifunga milango zikaondoka. Kwa hiyo ukitembea mtaa mmoja wa hatua mia utapita nyumba ya Shirika, nyumba ya wakfu, nyumba ya mtu binafsi, na nyumba ya marehemu. Kwa nje zote zina roshani ileile. Anayekufungulia mlango anaweza kuwa mwenyewe, au mpangaji wa Shirika anayepangisha tena kinyume cha mkataba wake, au mtoto mmoja kati ya tisa.

Yetu ilikuwa nyumba ya marehemu. Baba yao aliinunua mwaka 1978 kwa familia iliyokuwa ikihama. Wenyewe husimulia kwamba ilipona 1971 kwa kuwa ilikadiriwa chini ya kiwango. Akafariki 2011, akaacha watoto wanne. Mama wetu huyu ni mtoto wa kwanza. Kaka wa pili yupo Tanga. Wa tatu ni dada aliyeolewa Dar es Salaam. Wa mwisho yuko Muscat. Mirathi haikufunguliwa mahakamani. Walikaa matangani wakagawana kwa mdomo: mama achukue kodi ya vyumba vya juu, kaka achukue kodi ya fremu mbili za chini, dada na mdogo watumiwe chochote wakati wa Idi. Mgawo wa upendo, na kwa miaka mingi haukumgombanisha mtu.

Ila hakuna aliyepewa paa. Kodi ilikuwa na wenyewe watatu au wanne, paa lilikuwa la marehemu.

Nimeona nyumba nyingi zikifa hivi, na si kwa ubaya wa mtu. Kila mrithi akitengeneza paa anahisi anawatengenezea wenzake bure, basi anangoja. Gata la shilingi laki tatu linangojewa hadi linakuwa ukuta wa milioni nane, na siku ukuta ukidondoka barabarani halmashauri inachora alama nyekundu, ndipo wote wanne wanaonekana siku moja.

Habari ya LUKU

Kabla sijaendelea, hili dogo. Juu kote kuna mita moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, na sabmita tano. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia umeme. Toka Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila ghorofa mijini. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, lakini mita haijui nani mwenye jengo. Anayenunua umeme wa kwanza wa mwezi ndiye anayekatwa. Matokeo yake tarehe 1 jioni wapangaji wote watano walikuwa wanakaa gizani, kila mmoja anamsikilizia mwenzake, feni zimezimwa, mpaka mwenye friji anashindwa uvumilivu. Binti ndiye aliyekuwa na friji. Alikuwa kashakatwa miezi mitatu mfululizo akidhani ni gharama ya huduma.

Njia zilizokuwepo

Alikuja kwangu akiwa na mawazo mawili, na yote nilimkataza.

La kwanza, kuhama usiku na kusamehe. Alikuwa kabakiwa na miezi miwili na nusu, yaani 450,000, na huko aendako atatoa tena milioni na udalali. La pili, kumwita fundi, kutengeneza, halafu kujikata kwenye kodi ijayo. Hili ni baya zaidi kuliko linavyoonekana: bila maandishi ya mwenye nyumba umemfanyia hisani, na kama huyo uliyekubaliana naye kaka yake anamkana, hisani umemfanyia marehemu.

Sheria ilikuwa upande wake, hilo nilimwambia. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999 inamchukulia anayepangisha sehemu ya jengo kuwa ameahidi, hata kama mkataba umenyamaza, kulitunza paa, kuta kuu za nje, mifereji mikuu na sehemu za pamoja. Ule ukurasa wa dukani ulinyamaza. Sheria imesema badala yake. Na kama mpangishaji ni mrithi asiye na kibali cha wenzake, hilo ni lao wenyewe la kumalizana, kwa kuwa hela iliingia na risiti za simu zipo.

Lakini kuwa na haki na kukauka ukuta ni safari mbili. Angeweza kwenda Baraza la Ardhi la Kata. Tangu mabadiliko ya 2021 baraza hilo halitoi hukumu tena. Linasuluhisha, na lina siku 30. Ikishindikana, au siku zikipita, ndipo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko jina la mdaiwa lazima liwe sahihi. Utamshitaki nani? Mama aliyesaini, au mirathi isiyo na msimamizi? Wakili angelipata jibu. Lingepatikana mwezi wa tisa.

Nikamwambia tuanze na kikao, barazani kwao, na baraza la kata tuliweke mfukoni waone kishikio tu. Akaandika barua ya ukurasa mmoja, kistaarabu, akaambatisha picha nne: ukuta, godoro, gata nililolipiga mimi toka darini, na ile picha yake ya Januari yenye mkuyu. Nakala kwa mwenyekiti wa mtaa. Hii ya mwisho ndiyo iliyowafanya waitikie. Watu wa mjini hawaogopi mahakama ya mbali, wanaogopa mwenyekiti kujua.

Kikao

Tulikaa Alhamisi baada ya Alasiri. Mama alileta kahawa na kashata, jambo lililoniambia kwamba hakuja kupigana. Kaka alikuja kachelewa, kasimamisha baiskeli dukani kwa spea, akakaa mwisho wa baraza. Dada wa Dar alikuwa kwenye simu yenye sauti ya nje, iliyowekwa juu ya kinu. Muscat hakupatikana.

Kaka akaanza. "Mzee wangu, mimi nakuheshimu. Lakini mimi ni fremu. Gata silijui."

Mama, aliyekuwa akimimina kahawa, hakuinua hata uso. "Na hiyo fremu iko chini ya nini? Mbingu?"

Kutoka pale mazungumzo yakawa yao, mimi na binti tukabaki wageni wa heshima. Yalitoka mambo ya 2011, ya nani alilipa hospitali, ya nani alichukua cherehani ya marehemu. Nikayaacha yatoke. Nilijifunza zamani kwamba mpangaji akiwa na subira ya nusu saa, wenye nyumba wenyewe watafika kwenye paa kwa miguu yao. Na dada wa Dar ndiye aliyefika: "Jamani, ukuta ule ukianguka unamwangukia fundi cherehani. Tutamlipa nini?" Fundi cherehani, hatua tano kutoka pale, akasimamisha mashine yake.

Makubaliano yaliandikwa kwa mkono, ukurasa na nusu, na mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri kesho yake. Kodi ya fremu, 300,000 kwa mwezi kwa zote mbili, isichukuliwe na mtu hadi gata na ukuta viishe. Mama awe ndiye wa kuulizwa habari ya paa, na watakwenda Mahakama ya Mwanzo kuomba msimamizi wa mirathi. Binti ahamie chumba kidogo cha uani kisicho na choo cha ndani wakati wa kazi. Kwa kuwa hicho kinakwenda 80,000, laki moja inayozidi, kwa kila mwezi atakaokaa huko, ihesabiwe kodi yake ya mbele. Na kodi ya jengo kwenye LUKU, mama atairudisha kwa simu kila tarehe 2, kwa yeyote atakayekatwa.

Binti alitaka liongezwe neno "fidia" kwa godoro. Mama akanyamaza. Nikamkonyeza binti aliache. Huenda nilikosea, godoro lilikuwa la 260,000 na lilikwisha kabisa. Ila niliona kikao kimefika mahali ambapo neno moja zaidi lingemfanya kaka apande baiskeli yake.

Kazi

Fundi wa kwanza, kijana, alikadiria siku nne: kubandua, saruji yenye dawa ya kuzuia maji, rangi. Nikamtoa. Fundi wa pili tulimpata Ngamiani, mzee wa Kibondei ambaye vidole vyake vimepauka kwa chokaa. Akaugonga ukuta, akainamisha kichwa kusikiliza, akaniambia: "Mgosi, huu unatoka jasho. Wewe unataka kuuvalisha koti la mpira?"

Gata lilikwenda kwanza, mwishoni mwa Mei: bati nene jipya, mteremko wa kutosha upande wa barabarani, mkuyu ukang'olewa kipande kwa kipande na mizizi kuchomwa dawa. 310,000, na jirani akachangia 100,000 baada ya kuoneshwa kwamba ukuta wake unafanana. Kisha lipu yote ya saruji ikabanduliwa hadi kwenye jiwe, na hapo mzee akafanya kitu ambacho kilimkasirisha kila mtu: akaondoka. Ukuta ukaachwa uchi Juni yote na Julai yote, madirisha wazi, kusi inapita. Kila wiki alikuja, akaufagia kwa brashi ya nazi, akakusanya chumvi kwenye karai, akaenda zake. Chokaa yake ilikuwa inalowa kwenye pipa uani, na watoto walikatazwa kulisogelea. Kaka alihesabu siku kwa sauti, kila siku hiyo ni kodi ya fremu isiyomfikia. Agosti ndipo lipu ya chokaa ilipopigwa, mikono mitatu myembamba, na juu yake chokaa nyeupe badala ya rangi. 420,000 na ushei.

Binti alirudi chumbani kwake katikati ya Agosti. Kwa zamu hii aligoma kutoa miezi sita. Alitoa mitatu, 540,000, wakatoa laki mbili zake za Juni na Julai, akalipa 340,000. Zile wiki mbili za Agosti mama alizisahau kuzihesabu na binti naye hakuzikumbusha. Nilimuuliza kwa nini, akasema mama alimletea futari Jumatatu na Alhamisi zote alizofunga, huko uani.

Msimamizi wa mirathi bado hajateuliwa hadi ninapoandika. Fomu zimechukuliwa, kaka wa Muscat anasema atakuja Ramadhani, na Ramadhani zinapita. Kwa hilo sikufanikiwa, na kama mama akiumwa kesho, paa litarudi kwa marehemu.

Mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha usiku wa kuamkia Jumamosi, Novemba. Saa saba simu yangu ikaita ujumbe. Ni video, kaichukua toka roshani: taa ya barabarani, na kwenye pembe ya paa maji yanamwagika kama bomba la zimamoto, yanapiga lami, yanamlowesha mlinzi wa spea za baiskeli aliyejibanza na kiroba kichwani. Anacheka nyuma ya kamera.

Nikamwandikia: "Na kitanda?"

Akajibu: "Bado nimekiacha shibiri mbili kutoka ukutani, mzee."